Hakuna Faili Liitwalo Ya

Mita ya gesi imebakisha peni themanini
nami nimevaa koti ndani ya nyumba yangu mwenyewe,
ghorofa ya tatu, Hilltown, Dundee, saa saba usiku,
kifaranga changu cha skripti kikichakura
diski ya marehemu kaka.

Mistari kumi na mmoja. Niliiandika chai ikichemka:
ingia kila kabrasha, na kabrasha lililo tumboni mwake,
fungua kila faili, nusa,
ukikuta neno Mwakidila niite.

Shangazi Mwanamkasi amepiga simu mara nne tangu Ijumaa.
Baraza la ardhi linakaa Jumatano,
jirani kausogeza ua wa minyaa hatua sita.
"Hati alikuwa nayo Mbaruku. Aliitia kwenye mashine."

Mbaruku hakutupa kitu. Mafaili elfu arobaini na moja:
risiti za saruji, magoti ya watu harusini,
mwongozo wa friji aliyokwisha kuiuza.

Mara ya kwanza skripti haikurudi.
Nikafua soksi, nikazianika, bado inashuka.
Ndani ya Kazi mna Zamani, ndani ya Zamani
mna njia ya mkato irudiyo Kazi:
mlango chini ya kisima
unaofungukia mdomoni mwa kisima kilekile.
Nikaandika, usifuate njia za mkato.
Mama alinieleza hilo miaka ishirini, bure.

Mara ya pili ilirudi upesi mno.
Sifuri. Kama mtoto aliyetumwa dukani
akageukia kizingitini: "Hakuna."
Nikaiamini saa nzima.
Nikaandika hata ujumbe, Shangazi, nimetafuta kila mahali,
kidole juu ya kitufe,
shakwe wakigombania mfuko wa chipsi huko chini barabarani.

Ndipo nilipouona mstari wa saba, mkono wangu mwenyewe:
ukikwama, usiniambie.
Malalamiko yote yamwage shimoni, skrini ibaki safi.
Napenda usafi, mimi.
Nikaufuta.

Ikalia.

hati: hakuna faili liitwalo hivyo
ya: hakuna faili liitwalo hivyo
shamba: hakuna faili liitwalo hivyo
picha: hakuna
za: hakuna

Ukurasa kwa ukurasa, ya, za, wa, cha, la.
Kila palipo na nafasi ilikata jina kama muwa,
ikaenda kubisha hodi kwa kila kipingili:
Ya anakaa hapa?
Nani angeitika? Ya ya nani? Ya ya nini?
Ya haina nyumba. Ni kamba
na mzigo umeshushwa ncha zote mbili.

Kazini Lachlan hutuonya, msiache nafasi katika jina la faili,
na majina yake yote yamebanana bila pumzi.
Kaka aliandika kama alivyosema,
akipumua kati ya neno na neno.

Dawa ilikuwa alama mbili ndogo,
moja ya kufungua, moja ya kufunga,
pande zote za jina, kiganja na kiganja.
Lichukue zima. Usilivunje njiani.

Saa tisa kasorobo:

hati ya shamba
hati ya shamba mpya
hati ya shamba mpya kabisa
hati ya shamba HII NDIYO
hati ya shamba hii ndiyo usifute

Nikacheka peke yangu, kwa sauti,
hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.
Gesi ikakatika.

Nikazituma zote tano. Tanga adhana ilishatoka.
Jibu likaja kabla sijavua koti:
"Ndiyo ipi sasa?"

Nikavuta tena kiti.