Bomba la Tope

Mwanakheri analipasua bomba kwa uzi wa mshipi,
pole, kama muuza duka akatavyo sabuni ya mche.
Mita tatu za tope, nje ya mlango wa Kilindini.
Linanuka yai viza.

"Anza juu," asema. Naandika.
Sentimita ya nne: wekundu wa Taru,
mwaka ule wa mvua, Mwache uliposhuka na mashamba ya watu
na mikoko ya Miritini ikafa imesimama.
Shangazi alipoteza mbuzi saba.
Hapa ni unene wa kucha.

Kisha kijivu. Kijivu. Kijivu.
Karne zisizo na la kusema,
au zilisema polepole mno kwa kalamu yangu.

Chini kabisa uzi unakwama:
kokoto, mzizi mweusi, konokono wa maji matamu.
Mto ulipita hapa.
Barafu ya mbali ilikuwa imeyanywa maji,
bahari imejivuta nje kama mwenye deni,
na mto ukabeba tope lake hadi ukingo wa bara
ukalimwaga kilindini, lisionekane tena.
Halafu bahari ikarudi, ikaukaba mto koo.
Tope likakosa njia. Likakaa.

Mwanakheri anaweka chembe menoni, ndivyo wapimavyo:
ikikwaruza, si tope.
"Laini," asema. "Andika laini."

Nje dreja linanguruma, linapanua njia ya meli.
Namuuliza masika haya yatakuwa unene gani.
Anasukutua, anatema kwenye sinki.

"Kucha," asema.
"Ya nani, sijui."