Vipande vya Mistari Miwili

Nyuzi ni nne. Siku ya kwanza tunagusa mmoja.
Naandika usiku, mgongoni mwa mitihani ya Gredi ya Sita
(upande wa pili kuna sehemu za ua, alama mbili kila jibu),
kipande cha pumzi moja:
uzi wa La mara nne, kimya, kisha mara nne tena.
Nakiita "Tangi Linajaa".
Mtoto akisoma jina, haulizi kwa nini noti inajirudia.
Mtaani kwetu kila mtu amewahi kulisikiliza tangi usiku.

Kuta za Jericho hii hazijawahi kusikia baragumu.
Zinabambuka rangi tu, taratibu, mabegani mwa fidla
tulizopewa zikiwa na ulimbo wa watu wengine.
Jumamosi, saa tatu, viti vya plastiki,
na nje ya dirisha Mama Kerubo anakaanga mihogo,
mafuta yakitatarika kwa mapigo yasiyo yetu.

Upinde wa Mutindi hulia kama lango la bati.
Sikumwambia "polepole". Nilimwandikia "Lango la Bati",
mivuto mirefu miwili, mifupi mitatu,
na chini yake: *paraza hapa*.
Aliparaza kwa heshima zote.
Wiki ya tatu akauliza kama lango laweza kutiwa mafuta.
Nikafuta neno moja.

Okumbe hucheza kama anayefukuzwa na mbwa,
basi kipande chake kina mapumziko mengi kuliko noti:
"Bawabu wa Usiku". Hatua, hatua, anasikiliza.
Katika kimya hicho tunasikia mihogo.
Zamani goti lake lilitetemeka kwa kungoja.
Siku hizi hufumba macho, na mimi ndiye nahesabu.

Uzi wa Mi wa Shukri ulikatika mwezi wa Machi
na kwao unga huja kwanza.
Nikamtungia kitu kisichopanda,
"Chini ya Ngazi", Sol na Re, vidole viwili.
Juni uzi ukapatikana, ukafungwa, ukakazwa, ukang'aa.
Nikamwuliza, sasa tupande?
Akasema, bado kuna watu huku chini.

Wapo wanaoniambia: wape kazi nzito, za mabwana wakubwa.
Zitafika. Ila sitamvika mtoto koti la babake
halafu nimcheke akikanyaga pindo.

Jumamosi iliyopita Shukri alinipa risiti ya tokeni za stima.
Nyuma yake, mistari mitano ya rula, imepinda kidogo,
noti sita, pumziko refu, noti moja.
Juu: "Mwalimu Anatafuta Miwani".
Nikasimama mbele ya darasa zima, nikacheza.
Niliingia mapema, pumziko halijaisha.

Rudia, akasema, mkono kiunoni.
Hujaitafuta vya kutosha.