Chumba Namba Sita

Ulifika saa moja jioni, mvua bado iko kwenye mabati,
mkoba mgongoni umekupita kichwa,
mwingine mdogo kifuani, umeukumbatia kama mtoto mchanga.
Ukauliza bei. Ukauliza maji ya moto.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia choo,
ukauliza kama hapa ni salama.

Nikajibu, salama.
Ndivyo tunavyojibu huku, asubuhi na jioni,
hata siku ng'ombe amefia zizini.

Kwenye daftari ukaandika jina, Jelka,
na nchi ambayo sikuwahi kuisikia hata kwenye mpira.
Safu ya *Unakwenda wapi* ukaijaza
Kakamega, msituni. Halafu Busia. Halafu
alama ya kuuliza.

Asubuhi nikifagia nikaiona karatasi chini ya kitanda,
imepigwa wino wa manjano.
Odera akanisomea, amekaa kwenye ndoo, ndevu zake mpya zikicheka:
usitembee usiku, usitoe simu barabarani,
epuka mikusanyiko,
epuka Kondele.
Kondele! Kwa jina!
Mtaa wetu umefika ng'ambo kabla yetu.
Nilitaka kuitia fremu, niitundike pale mapokezi
juu ya bei ya chai.

Nawe wakati huo uko chini ya daraja, katikati ya mitumba,
unapigania bei ya sweta na Apondi, ambaye hajawahi kushindwa.
Ulirudi pua imeiva kwa jua.
Ulikuwa umepunjwa shilingi ishirini kwenye parachichi
ukalisimulia jambo hilo kama mtu aliyepona vita.

Usiku wa tatu stima ilipotea.
Tukakaa na mshumaa, wewe unanifundisha mkoba:
mabega hayabebi, ulisema, mabega yanashikilia tu,
uzito ukae nyongani.
Nikacheka. Nikasema nivalishe.
Ukanivalisha, ukakaza mkanda, kilo kumi na nne,

na mgongo wangu ukakumbuka.

Januari ile, Nakuru, Kaptembwa.
Gunia la unga lililofungwa kwa leso:
sufuria moja, vyeti viwili, kiatu kimoja (sijui kwa nini kimoja),
na juu yake Odera, miaka mitatu, ananivuta nywele.
Sikuwa na karatasi ya wino wa manjano.
Onyo letu liliandikwa mlangoni kwa mkaa,
kwa mwandiko niliofanana kuujua.
Uwanjani kijana mwenye kizibao chekundu akaniuliza naelekea wapi,
kalamu yake ikangoja, ikangoja,
akaandika alama kama yako.
Kisha lori, taa zimezimwa, Kericho yote gizani,
watu arobaini na hakuna aliyekohoa.

Kwa hiyo mimi pia, Jelka, nimewahi kusafiri
bila wakala, bila mwenyeji,
bila tarehe ya kurudi.

Ukauliza, vipi?
Nikasema, mzito.
Ukaufungua mkanda taratibu, hukuuliza tena,
na mshumaa ukaisha wenyewe.

Alfajiri ulikuwa mlangoni, viatu umevifunga mafundo mawili.
Kakamega je, ulisema, ni salama?
Safari hii neno halikuja.
Nikakuambia sijui.
Sijawahi kwenda mahali popote
bila kufukuzwa.
Ukanitazama, ukanishika mkono kwa mikono yako miwili,
ukaenda zako, mkoba unatembea, miguu ndiyo naiona.

Jumapili nikampa Odera funguo.
Unakwenda wapi? akauliza. Kununua nini?
Nikashika njia hadi Dunga, kwa miguu, kutazama viboko tu.
Hawakutoka majini.
Nilikaa hadi saa kumi na moja, sikubeba hata mfuko,
na mabega yangu, siku nzima,
hayakujua yafanye nini.