Kalenda ya Mwaka Jana

Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ile ya duka la mbao,
nimechora mstari kwa kalamu ya kopi:
Bagamoyo mkono wa kulia,
Ujiji kushoto, karibu na tobo la msumari.
Katikati nimeiachia nchi nafasi yake.
Juu nimeandika: SAFARI YA KWENDA.

Mwinjuma yuko chini ya Pijo, inaonekana miguu tu.
"Shemeji," anasema huko huko chini,
"gari hili likifika Msata nachinja mbuzi."
Anza kumtafuta, namjibu.
Pijo la marehemu kakake, lililobeba barua za watu
Bagamoyo na Dar, Dar na Bagamoyo, miaka kumi na tisa,
lisigeuze pua hata siku moja kuelekea bara.
Namba za kilomita ziligoma kwenye laki mbili na kitu.
Limetoka wapi, limekwenda wapi, halikumbuki.
Limeturithi.

Nyamizi kashika simu. Kidato cha nne, yuko likizo, hana simile.
"Saa kumi na tisa, mama, bila kusimama.
Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora —"
Mimi naitaka ile ya zamani, nasema.
Ya misafara. Ya wapagazi.
Anaivuta ramani kwa vidole viwili
kama daktari anayefunua jicho la mgonjwa.
"Simu inasema njia hiyo haipo."

Haipo!
Na mimi nimelala kwenye ncha yake
miaka arobaini na saba, hapa Dunda,
watalii wakipita mlangoni kuambiwa
kuwa jina la mji lina maana mbili,
nao huichagua ile inayotoka vizuri kwenye picha.

Petroli, lita mia na hamsini, kwenda tu.
Tairi mbili za mtumba, na mpira wa ndani.
Mchele kilo sita, dagaa, ndimu
(hoteli za njiani zinakata mfuko).
Sindano na uzi. Madumu mawili ya maji.
Kanga tatu: ya kuvaa, ya kulalia, na ya lolote.

Mwinjuma anatoka uvunguni, mikono myeusi,
anaupima mzigo kwa jicho: "Frasila ngapi hizi?"
Anatania. Mimi nikanyamaza.
Frasila mbili kwa kichwa kimoja, ndivyo tulivyosikia.
Na hawakuhesabu saa, walihesabu miezi.

Kwetu, kila kizazi, msichana mmoja
huitwa Nyamizi. Si jina la huku.
Majirani hulitamka kama wanaoonja chumvi ya mboga.
Bibi alimpa mama, mama akampa dada,
dada alipotutoka nikampa huyu wangu.
Lakini yule wa kwanza kabisa,
alikuja na mzigo, au yeye ndiye alikuwa mzigo?
Hakuna aliyesema.
Walituachia jina
kama mtu anavyoacha kapu kwa jirani:
niwekee, nitalipitia.

Ndiyo maana nahesabu lita.

Nyamizi anaigeuza kalenda, juu chini.
Ujiji sasa uko kulia. Bagamoyo uko kwenye kona,
umepinduka, hausomeki.
"Mama, umekosea hapa juu.
Sisi hatwendi. Tunarudi."

Kalamu ya kopi haifutiki; ukiilowesha ndiyo kwanza
inageuka zambarau na kukoza.
Nikaweka kidole juu ya neno KWENDA,
nikakiacha hapo, sijui niandike nini pembeni.
Kurudi ni kwa mtu aliyewahi kufika.
Huyu binti hajavuka hata mto Wami.

Nje, Mwinjuma kaingiza ufunguo.
Pijo likakohoa, likashika, likazima.
Likashika tena, likitetema na kumwaga moshi
mpaka kwenye nguo za jirani alizoanika.
Jirani anapaza sauti. Kuku wametawanyika.

"Shemeji," namwita kutoka dirishani,
"huyo mbuzi ana rangi gani?"