Akiba Inayooza

Kijana wa dukani, Thadée, mwenye chunusi na subira,
alinipangia njia mbili juu ya kaunta:
mkataba, dola arobaini kila mwezi, uongee usiongee;
au hii ndogo ya kukunja, rangi ya majivu,
unailisha vocha ukipenda, ukiisahau inalala.
"Bibi, kwa mwezi huwa unapiga simu mara ngapi?"
Nikamwambia nitarudi Alhamisi.
Swali lile halijibiwi wima.

Nyumbani nikageuza bahasha ya bili ya umeme,
nikachonga penseli kwa kisu cha kumenyea viazi.
Mwezi uliopita: famasia mara mbili, dakika nne.
Mireille, kila Jumapili, lakini yeye ndiye hupiga,
na hupiga simu ya ukutani,
ile ambayo waya wake umenifunga jikoni miaka thelathini
kama mbuzi kwenye kigingi.
Mtu mmoja alikosea namba, akitafuta fundi wa tanuri.
Fundi nilimjua. Namba ya fundi sikuikumbuka,
nikakata, nikaitafuta, nikampigia yule mgeni,
tukaongea dakika sita, nyingi zikiwa za paka wake.
Jumla yangu: dakika kumi.

Kwa hesabu hiyo ile ndogo yanitosha na kubaki.
Dola ishirini, dakika mia mbili.
Ila mgongoni mwa kadi, kwa herufi za kumsumbua sisimizi:
siku tisini zikipita, salio linafutwa.

Wasemao akiba haiozi
hawajashuka ghalani kwetu mwezi wa Aprili,
taa mkononi, leso puani.
Huoza. Kiazi kimoja hulainika gizani, hakisemi,
mpaka jirani yake naye analowa.

Halafu kuna lile la Januari, ambalo Mireille halijui.
Gari liliniteleza, nikaingia mtaroni njia ya Fort Kent.
Saa nzima na dakika ishirini,
vidole kwapani, theluji ikinipandia kioo
taratibu, kama maji ya kuoga,
hadi lori la kusafisha barabara likaniona taa moja.
Saa ile ningelipa dola arobaini kwa neno moja.
Nimejaribu kuiandika kwenye bahasha.
Penseli haikujua iiweke safu gani.

Alhamisi nikanunua ile ya majivu.
Thadée akaniwekea namba ya Mireille, na ya zimamoto.
"Nyingine?" Nikasema basi.

Leo ni siku ya themanini na nane.
Nimebonyeza kama alivyonifundisha, nikaisogeza dirishani:
dakika mia na sabini na tatu,
zimenona, na keshokutwa hazipo.
Mchana nilimpigia famasia kumuuliza wanafunga saa ngapi.
Najua wanafunga saa ngapi.

Dirisha hili linatazama mto,
na mto ukishaganda ng'ambo inasogea.
Taa ile ya njano ni ya Adélard, kaka yangu.
Tuligombea mashine ya kuchimbulia viazi
iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu,
na hii ni baridi ya tisa.
Kule ni nchi nyingine. Kadi inasema, kwa herufi zilezile,
dakika ya kule huliwa kama tatu.
Mia na sabini na tatu, gawa kwa tatu:
hamsini na saba, na chenga.

Namba yake sikuihitaji kuitafuta.
Ililia mara tano.

"Nani?"

"Nina dakika," nikasema, "zinaoza."

Kimya. Kimya nacho huliwa kama tatu.
Nilimsikia akipumua kwa ile pua iliyovunjika
siku alipoanguka darini, mimi nikishika ngazi.

"Ngapi?"

"Hamsini na sita sasa."

Nikasikia anavuta kiti.