Robo Tatu ya Kikombe

Saa tatu usiku, nyanda za juu za Changthang.
Nilza anataka sekunde sitini.
"Wageni wanapenda nyota nono," asema,
mikono kwapani, pua ndani ya shali.
Nampa sitini. Kamera inafumbua jicho, tunangoja,
mbwa wa jirani anabweka mara mbili, kisha anaghairi,
na picha inarudi: doa jeupe, jeupe tupu.

Nzuri, asema.
Nzuri, nami nasema, ila haijui kitu.
Kikombe kilichofurika
hakikwambii mvua ilinyesha kiasi gani.

Basi tunarudi nyuma. Thelathini. Kumi. Nne.
Gaini naishusha hadi chini kabisa,
maana ukipaza mnong'ono
unapaza na mchakacho wa panya darini,
na usiku huu sitaki habari za panya.
Baridi ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri:
adui wa vidole, adui wa betri
(moja nailea kifuani kama yai),
lakini chipu ya kamera imetulia humo,
haioti cheche zisizokuwapo.

Kisha nafanya jambo ambalo Nilza hanisamehe.
Nazungusha kifundo cha fokasi
kutoka palepale nyota ilipokuwa kali kama sindano,
robo mzunguko, na kidogo.
Nyota inalegea, inakuwa kisahani.
"Kunzes! Umeiharibu!"
Nimeianika. Kama shayiri juu ya paa,
kila punje na nafasi yake,
pasiwe na pikseli inayovunjika mgongo.
Ile inayong'aa kuliko zote inasoma elfu arobaini na tisa;
dari ni elfu sitini na tano na ushei.
Robo tatu. Hapo.

Nyota hii Waarabu waliiita Kichwa cha Zimwi.
Kila siku ya tatu, saa chache kabla haijatimia,
mwenza wake aliye hafifu hupita mbele yake
nayo hupungua.
Usiku huu ni zamu yake.

Picha moja kila dakika, hadi izame nyuma ya mlima,
na mipangilio siigusi tena.
Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Nilza, kutogusa.
Mwaka ule mama alipokuwa akififia
nilileta taa ya pili chumbani, kisha ya tatu,
kila jioni nikamtazama usoni nikasema, leo hajambo.

Nilza hajibu. Anamimina chai ya siagi, inaganda ukingoni.

Saa sita: elfu thelathini na nane.
Saa saba: ishirini na sita.
Saa nane kisahani kimekuwa moshi,
elfu kumi na sita,
na naona kidole cha Nilza, chenyewe,
kikinyemelea kitufe cha sekunde.

Naushika mkono wake. Una baridi.
Nauweka mfukoni mwangu, pamoja na betri.