Kichwa cha Kumi na Saba

Kipupwe kilichopita kilinilia farasi arobaini na mmoja,
ndiyo maana nikapokea chekecheo.
Daktari Nyamsambuu analipa kwa siku, taslimu.

Kilima kikubwa cha mawe kiko katikati,
vijilima vimekizunguka
kama watoto wa farasi waliofungwa kambani
wakisubiri mama zao wakamuliwe.
Tukaanza cha kumi na saba:
brashi, kijiko, uzi, karatasi ya miraba.
Jiwe la mwisho likang'oka,
na kwenye udongo wa rangi ya chai iliyopoa
kichwa,
pingili saba za shingo,
na kwato nne zimepangwa ubavuni
kama viatu vya mgeni aliyekwisha kuingia ndani.

Pua imeelekea macheo.

"Miaka elfu tatu," akasema Daktari.
Nikapiga magoti, nikapapasa taya
kama nifanyavyo mnadani.
"Miaka minane," nikasema. "Dume, chonge hizi hapa.
Na gego hili la mbele limelika:
alikuwa na tabia ya kutafuna lijamu."
Kicheko kilimtoka, kikamkwama kooni.
Akaandika: minane. Akaandika: lijamu.

Nyuma ya taya kisu kimeacha mistari mitatu,
mkono wa mtu mwenye haraka,
au mwenye baridi,
au anayelia.
Hilo la mwisho hakuliandika.

Akaniuliza, kwa nini macheo?
Sijui. Milango yetu sisi hutazama kusini.
Hawa si wangu, hata jina lao sikuachiwa.
Ila juu ya kile kilele kuna kichwa cha Kijivu,
nilikipandisha mwenyewe, theluji kiunoni,
wala sikumwuliza mtu kikae vipi.
Mikono ilikiweka, nikashuka.

Jioni wakakivika karatasi ya kung'aa,
wakakitia katika sanduku la biskuti,
namba kwa wino mweusi, kamba mbili.
Sanduku likapakiwa kinyume.
Dereva alipokwenda kuvuta sigara
nikapanda lorini, nikaligeuza.

Mji uko mashariki, kwa bahati,
lakini barabara ya kwetu haijajifunza kunyooka:
mpaka kivukoni inapinda mara tisa.
Nilisimama nikihesabu, kulia, kushoto, kulia,
dume wa miaka minane akizungushwa shingo,
hadi vumbi likalala.

Kesho, cha kumi na nane.